Mistari Sita Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Shughuli yote ilinigharimu kipande kimoja cha makaa, tena cha bure, nilichookota kando ya mafiga. Ongeza dakika moja ya kusimama jikoni na maneno mawili ya mdomo. Nimepiga hesabu hii mara mbili, kama ninavyofanya kwa kila kitu, na mara zote mbili inatoka ndogo vile vile. Ndiyo maana siiamini. Nimeuza viazi Kiirua miaka mingi, na nimeona kwamba kitu kikipatikana kwa urahisi namna hiyo, bei yake kamili iko njiani inakuja, na anayeibeba ni mtu mwingine.

Mama yangu alikuwa Mwembu wa Kianjokoma aliyeolewa na Mmeru wa Kiirua. Aliokoka akiwa na watoto watatu na mimba yangu tumboni, kwa hiyo mimi husema nilihudhuria, hata kama sikuulizwa maoni. Na kuokoka kwa watu wale hakukuwa kwenda kanisani Jumapili. Kanisani tulikwenda wote, hata baba, ambaye alikaa karibu na dirisha akiangalia kondoo za jirani. Kuokoka kulikuwa kusimama mbele ya ushirika, katikati ya watu wanaokujua mpaka deni lako la chumvi, ukataja dhambi zako moja moja. Niliiba hiki, nilimsengenya huyu. Kisha ulikwenda kurudisha. Ulichochukua ulikipeleka kwa mwenyewe, ukamwambia kwa mdomo wako na kumkabidhi kwa mkono wako.

Nilikuwa na miaka kama saba aliponipeleka Kianjokoma kurudisha sindano. Alikuwa amezichukua akiwa msichana, kwenye duka moja pale sokoni, na dhambi hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya zile kubwa mpaka siku alipokuwa akishona kifungo cha shati ikamrudia. Mwenye duka tulimkuta kwake, mzee sana, anachambua maharagwe uani.

"Bwana asifiwe, baba," mama akasema. "Nilikuibia sindano nikiwa msichana. Nimezileta."

"Sindano gani?"

"Za kushonea. Tano."

"Mama, hata sizikumbuki. Enda nazo, ushonee huyu mtoto."

"Hapana, baba. Usipozipokea zinabaki kwangu."

"Si zibaki! Mimi hata sishoni. Na duka niliuza kitambo."

"Nimetoka Meru kwa sababu ya hizi sindano."

"Meru!" Mzee akamwita mkewe aliyekuwa ndani. "Wewe, njoo uone! Mtu ametoka Meru na sindano tano!"

Mkewe akaja, akaona, akamwambia, "Si unyooshe mkono tu, huyu mama apumzike?" Mzee akakinyoosha kiganja. Mama akaziweka moja moja, akihesabu kwa sauti, moja mpaka tano. Alipomaliza, mzee naye akazihesabu upya kwa mazoea ya dukani. Nadhani hapo ndipo nilipopata ugonjwa wangu wa kuhesabu mara mbili. Tuliporudi mama alitembea kama mtu aliyetuliwa gunia, na mimi nikabaki na fundisho ambalo sikujua litanisumbua: kurudisha hakujaisha mpaka mwenyewe amenyoosha kiganja.

Nyuma ya mlango wa jikoni, upande wa ndani ambao wageni hawauoni, mama alikuwa amechora mistari sita kwa makaa. Mmoja wake, mmoja wa baba, minne ya watoto. Mtu akiokoka, mama aliukata mstari wake kwa mstari mwingine wa kulala. Alikuwa ameshikilia ile habari ya Biblia ya askari wa gereza aliyetaka kujiua alipodhani wafungwa wametoroka, akaambiwa aamini, na kwamba ataokolewa yeye pamoja na nyumba yake. Kwa mama hiyo ilikuwa ahadi yenye jina lake juu. Nyumba ni watu sita. Sita wataingia.

Minne ya watoto ilikatika bila vita. Kaka mkubwa aliokokea shule ya bweni, kwenye mkutano uliofanyika wiki ya mtihani. Kaka wa pili alipenda msichana ambaye baba yake hakutaka hata kusikia habari za mkwe asiyeokoka. Basi wokovu na mahari vikapelekwa mwezi mmoja. Dada yangu aliandika barua kutoka alikoolewa, na mama akaukata mstari wake akiwa bado ameshika bahasha. Wangu ulikatwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nitaurudia.

Ukabaki wa baba.

Si kwamba baba alikuwa mtu mbaya. Alilima viazi na ngano kidogo, hakupiga mtu, na kofia yake aliivua kwa kila mazishi, hata ya maadui. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana alikwenda nyuma ya bucha, akakaa na mwenye bucha, wakatafuna miraa ya Mikinduri na kucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mwenye bucha alikuwa Mwislamu, mtu wa mjini Meru tangu babu yake, na yeye na baba walikuwa wamebishana kuhusu mchezo mmoja huo kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi duniani.

Kila Alhamisi watu wa ushirika walikuja kwetu, wakanywa chai, wakamhubiria baba. Alikuwa akiwangojea. Alijua mahali wanapoanzia na mahali wanapochoka.

"Hebu someni tena hapo kwa askari," alikuwa akiwaambia. "Aliyeamini ni yeye. Nyumba ikaingia naye. Si ndiyo?"

"Nao waliamini, mzee," mwenyekiti wa ushirika alijibu.

"Imeandikwa waliitwa majina, mmoja mmoja?"

"Kila mtu ataulizwa peke yake. Hata pacha."

"Mimi sijasema pacha. Nimesema nyumba."

Hapo mama alitia neno akiwa kwenye birika la chai. "Baba watoto, kwa nini unatafuta mlango wa nyuma?"

"Natafuta ule mke wangu ameacha wazi."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Mama hakucheka. Na mara nyingine baba, akimuona hacheki, alieleza kwa upole kidogo kwamba kinachomshinda si kuamini. Ni kule kusimama. "Dhambi zangu si viazi, nizimwage chini watu wachague."

Alikuwa na mfano mwingine, na huo alinipa mimi. Sisi wa viazi tuna gunia linaloitwa lumbesa. Unajaza gunia mpaka mdomoni, kisha unaongeza mlima juu yake, unaushonea na wavu usianguke. Mnunuzi analipa gunia moja. Ule mlima wa juu unaingia bure. Serikali imekataza na kila mtu anafunga. Siku moja baba alinitazama nikishona gunia akaniambia, "Unaona huo mzigo wa juu? Huyo ni mimi. Gunia ni mama yako." Nilicheka. Nilikuwa nimerudi nyumbani wakati huo kutoka kwenye ndoa ya miaka miwili huko Mikinduri, ndoa ambayo sitaiuza hapa, na mtu aliyenichekesha nilikuwa namshukuru.

Kisha mama akaugua. Ilikuwa miaka ile watoto wa shule walipokuwa wakipewa maziwa ya pakiti bila malipo. Nakumbuka kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa akimletea mama pakiti yake, na mama alikuwa akiikubali ili asimvunje moyo, halafu ananipa mimi. Hakuweza tena kufika jikoni. Ndugu zangu walikuja, wakalia, wakaacha sukari, wakarudi kazini. Nikabaki mimi. Kila asubuhi nikimpelekea uji aliniuliza swali moja.

"Mstari wa baba yako?"

"Uko, mama."

"Haujakatwa?"

"Bado."

Asubuhi kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuuliza. Alikunywa uji vijiko viwili, akageuza uso ukutani, akasema taratibu, "Nitafika huko niulizwe nyumba yangu iko wapi. Nitasema nini? Kwamba mmoja yuko nyuma ya bucha?" Akatabasamu kidogo kwa sababu ilikuwa inachekesha. Halafu akasema, "Sitaki kukaa huko nikiangalia mlango."

Niliondoka na bakuli la uji. Jikoni nikaufunga mlango ili niuone upande wa ndani. Mistari mitano iliyokatwa, mmoja umesimama wima peke yake kama nguzo ya ua ambayo waya zake zimeibwa. Nikainama, nikaokota makaa, nikaukata.

Nilikuwa na akili ya sokoni. Nilijiambia: sitasema uongo. Nitasema mstari umekatwa, na kweli umekatwa. Nilirudi chumbani nikiwa nimeshajipigia bei na kujishinda.

"Mama," nikasema, "mstari wa baba umekatwa."

Akageuka. Sikuwa nimeona macho yake yakiwa wazi kiasi hicho wiki nzima.

"Nani ameukata?"

Hapo nilikuwa bado naweza kurudi. Muuzaji yeyote anajua kuna wakati mnunuzi anauliza swali la mwisho, na ukinyamaza, biashara inakufa bila aibu ya mtu. Sikunyamaza. Nikasema, "Yeye mwenyewe."

Maneno mawili. Nimeyahesabu.

Mama aliniambia nimwite. Sikumkuta baba mahali ambapo ningeweza kumnong'oneza kitu. Alikuwa tayari anaingia uani na buti zenye matope, na mama akamwita yeye mwenyewe kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameiweka wapi. Akasimama mlangoni mwa chumba.

"Nimeambiwa," mama akasema.

"Umeambiwa nini?"

"Kwamba umeukata mstari wako."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama buti. Kulikuwa na jani la kiazi limeshika kwenye kisigino cha kushoto, na nililitazama jani hilo kama lililoandikwa kitu. Nje upepo wa Kiirua ulikuwa unasukuma mabati.

"Ndiyo," baba akasema.

Akavua kofia, akaingia na buti zake zote, akaketi upande wa miguu ya mama, akaishika juu ya blanketi. Niliwaacha. Siku nne baadaye mama alifariki, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kuhesabu na hesabu ikakubali.

Kaburini mwenyekiti wa ushirika alitoa ushuhuda. Alisema dada yetu amekwenda akiwa ameona ahadi kwa macho yake, kwamba mume wake ameingia siku za mwisho, nyumba nzima, sita kwa sita. Watu waliimba mpaka ng'ombe za jirani zikaitikia. Wanawake walimshika baba mkono wakamwita ndugu. Yeye alisimama ameibana kofia kifuani, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nilikuwa nimeshika koleo la kurudishia udongo, ingawa hiyo si kazi ya wanawake, kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika.

Sasa ndiyo nafika kwenye bei.

Alhamisi iliyofuata nilipika chai ya watu wanane. Hawakuja. Iliyofuata hawakuja. Nilimkuta mwenyekiti sokoni nikamuuliza kama kuna ubaya, akashangaa. "Ubaya gani, dada? Kwenu kazi imekwisha. Sasa hivi tuko kwa wale wa upande wa msituni, huko bado kugumu." Alikuwa na haki. Mtu hatafuti kondoo aliye zizini.

Na ndugu aliyeokoka hakai nyuma ya bucha anatafuna miraa. Hakuna aliyemkataza baba. Siku ya kwanza baada ya matanga alichukua kofia, akafika mpaka kwenye lango, akasimama, akarudi, akakalia kiti chake kilichotazama barabara. Kesho yake hivyo hivyo, ila hakufika hata langoni. Sikuuliza. Nilipakua sahani mbili mchana na sahani mbili jioni, redio ikasema habari zake, na kati ya sahani na redio mimi na baba hatukuwa na maneno. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kutaniana.

Mwenye bucha alikuja kwenye meza yangu sokoni kununua viazi. Alichagua vitatu, akavirudisha.

"Mama viazi, mimi nimemkosea mzee wako nini?"

"Hujamkosea, baba. Ameokoka."

"Mashallah. Ameokoka kutoka kwangu?"

"Si hivyo."

"Anapita hapo mbele yangu kama mtu anayepita kituo cha polisi. Mimi sijamfunga. Drafti iko vile vile, zamu ilikuwa yake." Akavichukua tena vile viazi vitatu. "Kwetu sisi kila mtu atakuja siku hiyo na kitabu chake mkononi. Hakuna mtu atakusomea chako. Lakini hata hivyo hatujakatazwa kusalimiana."

"Nitamwambia."

"Mwambie zamu ni yake."

Nilimwambia. Baba alisema, "Ahaa," akaongeza sauti ya redio.

Nilikwenda kwa mchungaji, nikamkuta hotelini pale sokoni akinywa chai. Sikwenda kuungama; nilikwenda kuuliza bei bila kununua, kama watu wanavyofanya asubuhi.

"Mchungaji, kuna mtu fulani ana mke aliyeamini. Imani ya mke inamfunika mume mpaka wapi?"

"Inamletea neema mezani, dada. Kula, kila mtu ana mdomo wake."

"Na huyo mtu kama alisema ndiyo, lakini labda aliisema kwa kumhurumia mgonjwa?"

Akanitazama. "Huyo mtu fulani anauza viazi Kiirua?"

"Hapana. Anayeuza viazi ni mwingine, aliyekuwa hapo karibu."

"Mungu anajua moyo."

"Najua anajua. Nauliza kama atasema."

Alicheka, lakini akanishika bega, na kwa sababu hiyo nilikaribia kusema kila kitu. Akanieleza kwamba nikiwa na jambo lolote nilirudishe kwa Mungu, yeye hupokea. Nikamwambia, "Mchungaji, sindano ni za mwenye duka." Hakuelewa, nami sikumweleza. Nililipia chai yake nikaondoka.

Baba aliishi miaka sita baada ya mama. Miaka sita nilikuwa najiambia nitamuuliza baada ya mavuno, na pale Kiirua tunavuna mara mbili kwa mwaka; piga hesabu wewe. Kifua kilipomwangusha akawa analala chumba kile kile, kitanda kile kile, na mimi nikawa napita mlango ule ule na uji. Siku moja mchana, jua likiwa limeingia mpaka kwenye blanketi, niliketi pale alipokuwa ameketi yeye, upande wa miguu.

"Baba. Ile ndiyo uliyomwambia mama. Ilikuwa ya kweli?"

Alifumba macho nikadhani amelala. "Aliyepeleka habari ni wewe," akasema. "Mimi nilikuja nikakuta mzigo umeshauzwa."

"Nisamehe."

"Ningefanya nini? Nimwambie mgonjwa kwamba mume wake bado ni wa nyuma ya bucha na mtoto wake ni mwongo, yote siku moja?" Akaanza kucheka, kikohozi kikamkamata, nikamshika mpaka kikaisha.

"Lakini baada ya hapo, baba? Miaka yote hii? Moyoni?"

"Hakuna mtu aliniuliza tena."

Alisema bila lawama, kama anavyosema mtu kwamba mwaka ule mvua haikunyesha. Nimebeba magunia, nimebeba watoto wa watu, nimebeba jeneza kwa upande mmoja wanaume walipopungua. Sijabeba kitu kizito kama sentensi hiyo.

"Mimi nakuuliza sasa," nikasema.

Akafungua jicho moja. "Wewe? Wewe wako aliukata nani?"

"Mama."

"Najua ni mama. Ulimwambia nini akaukata?"

Basi nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye mkutano wa likizo, rafiki yangu niliyekaa naye alisimama, na mimi nikasimama kwa sababu nilidhani ni wakati wa kwenda nyumbani. Nilipogundua kwamba tuliosimama tunaitwa mbele, macho yote yalikuwa kwetu, na mama alikuwa analia kwa furaha kule nyuma. Sikuona njia ya kukaa. Tangu siku hiyo nimeomba, nimeimba, nimefunga kula, na sijui hata leo kama niliwahi kuingia au bado nimesimama nangoja kwenda nyumbani.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii kikohozi hakikuja, kilikuwa kicheko kitupu.

"Basi sisi wawili ni lumbesa," akasema. "Mama yako ana kazi langoni."

"Baba, nijibu."

"Niletee chai kwanza."

Nikamletea chai. Akanywa vikombe viwili na kulalamika kwamba sukari nimeipima kwa jicho la dukani. Hakunijibu, na mimi, ambaye ninaweza kukaa na mnunuzi mpaka soko lifungwe kwa ajili ya shilingi mbili, sikumng'ang'ania. Niliogopa kusikia hapana. Nilichukua vikombe nikaenda kuviosha.

Alikufa wiki iliyofuata, mimi nikiwa sokoni nampimia mtu viazi. Mwenye bucha ndiye aliyekuja kuniambia. Jirani alikuwa amempitia yeye kwanza kwa sababu bucha iko karibu na barabara. Alivua aproni yake yenye damu kabla ya kunikaribia, akaikunja vizuri, akaishika nyuma ya mgongo. Kutokana na hilo nilijua kabla hajafungua mdomo.

Ushirika ulimzika baba kama ndugu. Mwenyekiti, ambaye sasa naye anatembelea fimbo, alisema dada yetu alikuwa amesimama langoni miaka hii yote akimngoja mume wake, na leo amefurahi. Watu wakaitikia amina. Kaka zangu walilia, dada yangu akaanguka akashikwa. Mwenye bucha alisimama nje ya ua, kofia yake nyeupe kichwani, mpaka udongo ulipoisha. Kati ya watu wote wale, ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui kama tunayoambiwa ni kweli. Nilihesabu waliokuwapo, nikahesabu tena, nikitafuta hata mmoja wa kuniambia naye hajui.

Mwaka jana kaka zangu walibomoa jiko la zamani. Waliniuliza kama nataka mbao, nikawaambia nataka mlango tu. Sasa umeegemea ukuta wa chumba ninachopanga hapa Kiirua, nyuma ya magunia. Moshi wa miaka yote umeingia kwenye mbao kiasi kwamba huwezi kutofautisha mkono wa mama na mkono wangu. Mistari sita, yote imekatwa. Ukiitazama hivi hivi, hesabu imekubali.

Nimesimama kwenye ushirika mara mbili kusema. Mara ya kwanza niliishia kuomba maombi ya mvua. Mara ya pili niliomba maombi ya magoti. Wananipenda, waliniombea yote mawili, na mvua ilinyesha. Tatizo ni hili. Nikisema, nitakuwa nimemtoa baba nje mbele ya watu wote, bila kujua kama alikuwa ndani au nje, na nitakuwa nimechukua ile furaha ya mama kutoka mkononi mwake akiwa amelala kaburini. Nisiposema, maneno yale mawili yanabaki kwangu. Na wale wawili wenye mali hiyo hawako, hakuna wa kunyoosha kiganja.

Basi nakuuliza wewe unayesoma, kama umewahi kurudisha kitu, au kuna mzee kwenu anayejua mambo haya. Neno lililouzwa kwa mtu ambaye amekufa linarudishwa wapi, na nani analipokea? Usinipunguzie bei kwa kunionea huruma. Nionyeshe tu mlango wa kwenda. Nitatoka Meru kama mama, hata kwa miguu.